Mfumo Uliandika Jina la Joshua

Baba Paroko, viongozi wa Jumuiya, wazee mliofika kutoka Mbinga na kutoka Kilambo, majirani wa Chuno na wa Rahaleo, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na basi la kampuni na fulana za kampuni, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kukaa nasi kwenye jua hili, na inawaomba utulivu wakati dada yake mkubwa, Pendo, akisoma kwa niaba yetu sote maisha ya mdogo wake, maelezo tuliyoyaandika wenyewe sebuleni, tukabishana, tukafuta, tukaandika upya, na tunajua wapo miongoni mwenu ambao wangependa yawe mafupi, lakini maisha ya mtu hayapunguzwi ili wageni wasikereke.

Joshua Kanisius Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, hapahapa Rahaleo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Kanisius Ndunguru, mtu wa Mbinga aliyeletwa huku pwani na kazi ya bandari, na Mama Agnesi, ambaye Mungu amemwacha hai ili amzike mwanawe, na alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 19 Aprili mwaka huohuo. Tangu mdogo alikuwa na tabia moja iliyotuchosha nyumbani, hakuweza kuvumilia watu wawili wakiwa na maelezo mawili ya jambo moja, baba akisema nazi zimeisha na mama akisema zipo, yeye hakwenda kutafuta nazi, aliwaita wote wawili jikoni, akawasimamisha mbele ya kapu, akawaomba waangalie pamoja, na alichapwa kwa hilo zaidi ya mara moja, maana si kila mtu anapenda kuangalia kapu akiwa na mwenzake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989 katika shule ya msingi ya jirani na nyumbani, akamaliza la saba mwaka 1995, akachaguliwa kuendelea na sekondari huko Masasi kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, kisha kidato cha tano na cha sita Songea, alikomaliza mwaka 2002, na mwaka huohuo alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2005 shahada ya mifumo ya taarifa za biashara. Mzee Kanisius hakuielewa shahada hiyo hata kidogo, alikuwa akiwaambia wenzake wa bandarini kwamba mwanawe anasomea kitu kisichoshikika, hadi siku Joshua alipomuuliza kontena moja likishuka pale gatini linaandikwa na watu wangapi, mzee akahesabu kwa vidole akasema wanne, na kila mmoja anaandika lake, Joshua akamwambia ndicho hicho anachosomea, watu wanne waandike mara moja na wote waone kitu kilekile, na tangu siku hiyo mzee akawa anamsifu kuliko alivyostahili.

Baada ya kufanya kazi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa alirudi nyumbani, na tarehe 1 Februari 2012 akaajiriwa na kampuni ya korosho ya hapa mjini, ambayo hatuna haja ya kuitaja kwa sababu jina lake limeandikwa vifuani mwenu, akawa ofisa wa kompyuta, cheo ambacho siku zile kilimaanisha kubadilisha wino wa printa na kuulizwa kwa nini intaneti iko polepole. Aliikuta kampuni ina nyumba nne zisizosalimiana, mizani ilikuwa na hesabu yake, ghala lilikuwa na yake, mauzo walikuwa na yao kwenye kompyuta iliyofungiwa chumbani mwa mkuu wao kama sukari ya mwezi wa Ramadhani, na uhasibu walikuwa na yao, meneja mkuu akiuliza tuna korosho kiasi gani za kuuza anapewa majibu manne, anachagua lililo tamu, anakwenda nalo kuahidi wanunuzi, halafu msimu ukikolea malori yanapanga foleni nje ya geti usiku na mchana, akina mama wa kubangua wanafika alfajiri wanaambiwa leo hakuna korosho, na kumbe zipo, zimelala ghala la pili, ila anayezijua hakuna aliyemuuliza.

Miaka saba Joshua aliomba kitu kimoja, kwamba nyumba hizo nne ziwe na mlango mmoja, na miaka saba aliambiwa asubiri bajeti, ingawa yeye na sisi tulijua kwamba bajeti haikuwa tatizo, tatizo ni kwamba kila mkuu wa idara alikuwa na kona yake yenye giza na aliipenda. Hatimaye tarehe 1 Oktoba 2019 mfumo wa pamoja ulianza kufanya kazi, gunia likipimwa mizanini ghala linaona, mauzo wanaona, uhasibu unaona, utumishi wanajua kesho waitwe akina mama wa zamu ngapi, na meneja mkuu hata akiwa Dar es Salaam anaona kilekile anachokiona mlinzi wa geti. Msimu ule wa kwanza foleni ya malori iliisha, akina mama waliacha kurudishwa nyumbani, paa la ghala la nne lilitengenezwa kwa sababu kwa mara ya kwanza ilionekana wazi ni kiasi gani cha korosho kinaharibikia chini yake, kampuni ikapewa cheti cha uongozi bora, cheti kikatundikwa ofisini kwa meneja mkuu, na katika hotuba ya siku ile jina la Joshua halikutajwa, tulikuwepo, tulisubiri, tukala pilau tukaondoka.

Yeye hakukasirika, sisi ndio tulikasirika. Kilichokuwa kinamsumbua ni kingine kabisa, aliona viongozi wameanza kuutegemea ule mfumo kwa namna isiyo sawa, zamani walikuwa wanatembea hadi ghalani kuuliza, sasa wanakaa kwenye kiyoyozi wanasema mfumo umesema, basi imekwisha, na katika kila mafunzo aliyowapa, kuanzia meneja hadi karani wa mizani, alirudia maneno ambayo wengi wenu mliyasikia kwa masikio yenu: "Mfumo unajua kilichofanyika. Haujui nani amekaa kwenye kiti. Hiyo ni kazi yenu viongozi, kunyanyuka na kuuliza." Mlicheka, mkasema Joshua anapunguza soko la bidhaa yake mwenyewe.

Kuhusu ndoa, tarehe 26 Oktoba 2013 Joshua alifunga ndoa takatifu katika parokia hii na Bi Yustina Chilumba, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kilambo kule karibu na mdomo wa Ruvuma, harusi iliyochezwa hadi mtaa mzima ukakoma, na aliyesimama naye pale altareni kama msimamizi wake wa ndoa alikuwa rafiki yake na mfanyakazi mwenzake, wakati ule ofisa mauzo na sasa mkuu wa mauzo wa kampuni, ambaye jina lake marehemu aliomba lisisomwe leo, na sisi tumetii. Wanaojua desturi zetu wanajua msimamizi wa ndoa ni nani, si mtu wa kushika pete na kupiga picha, ni mtu anayeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi, mkigombana yeye ndiye anayewakalisha, watoto wako wanamwita baba mdogo, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuomba kitu katika nyumba ya Joshua kule Chuno akanyimwa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Elizabeti, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2014, na Faraja, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2017, wote mnawaona hapa mbele, na tunawaomba msiwape pole za kuwashika kichwa kila dakika, wamechoka.

Sasa itabidi turudi kazini, maana maisha ya Joshua yaliishia kule ingawa alikufa kwingine. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini katika mji huu anajua jambo ambalo halisemwi kwenye semina, kwamba neno la siri la kompyuta kwetu ni kama chumvi, jirani akiishiwa unamgawia, mmoja akisahau lake anaingia na la mwenzake, bosi akisafiri anamwachia karani, karani akienda kliniki anamwachia dereva, na anayekataa anaambiwa ana roho mbaya, haaminiki, anajifanya anajua sana. Joshua alipigana na tabia hiyo kuliko alivyopigana na wakuu wa idara, alieleza kwamba mfumo umejengwa kwa kuamini kila jina ni mtu mmoja, kwamba wakiazimana majina hakuna tena anayejua nani kafanya nini, wakaitikia, wakasaini kwamba wameelewa, wakatoka nje wakaendelea kuazimana, na yeye mwenyewe alisimama imara miaka mitatu, akaja kuteleza siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2022. Wiki hiyo mvua za kwanza zilikuwa zimepenya paa la ghala la pili zikalowesha magunia, na mtunza ghala, Bwana Amiri, mtu makini ambaye yupo hapa nasi, aliyaweka magunia yale chini ya kizuizi ndani ya mfumo, ili mauzo wasiweze kuyauza wala kuyasafirisha mpaka yakaguliwe, na watu wawili tu walikuwa na uwezo wa kuondoa kizuizi hicho, meneja mkuu na Joshua. Joshua hakuwepo mjini, alikuwa Kilambo kwenye msiba wa mjomba wa mkewe, mahali ambapo simu ikikosa mtandao wa kwetu inarukia wa Msumbiji, ujumbe unakukaribisha nchi ya watu ukiwa umekaa kwenye mkeka wa mjomba wako, na mchana ule, wakati kaburi linachimbwa, msimamizi wake wa ndoa alimpigia, simu ikakata, akapiga tena, ikakata, hadi Joshua akasimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ndipo wakasikilizana.

Yustina alikuwa amesimama karibu naye na beseni la mchele, alisikia yote, kwa sababu simu za kubahatisha mtandao zinaongelewa kwa kupayuka. Yule bwana alisema meli imekaa bandarini, neno lake la siri limegoma, anataka kuchungulia tu ameahidi mzigo upi, dakika moja atoke, Joshua akamwambia asubiri Jumatatu, yule akasema Jumatatu meli haipo, na hapo ndipo lilipotoka neno ambalo Yustina analikumbuka hadi leo kwa sauti ileile: "Kaka, usiwe mnoko na mimi. Mimi?" Joshua akamtajia neno lake la siri herufi moja moja, kwa sauti ambayo hata wachimba kaburi waliisikia, akashuka kichuguuni, akaenda kuzika.

Yule bwana hakuchungulia. Mzigo aliomwahidi mnunuzi ulikuwa pungufu, yakabaki magunia yaliyozuiliwa, akaingia kwa jina la Joshua akaondoa kizuizi, na kwa sababu nyumba zote nne zilikuwa zimeunganishwa vizuri, mizani ikaruhusu, usafirishaji ukaandika malori, uhasibu ukatoa hati, kila mlango ukafunguka wenyewe kama ulivyotengenezwa, na Bwana Amiri alipotaka kubisha akaoneshwa kwenye kioo jina la aliyeruhusu, akaacha kubisha, akasema kama Joshua kafungua basi ameshajiridhisha. Mwanzoni mwa Februari 2023 mnunuzi alifungua makontena akakuta ukungu, akakataa mzigo ule, na si mzigo ule tu, akavunja mkataba wote hadi wa korosho zilizobanguliwa, na tarehe 3 Machi 2023 zamu ya pili yote ya akina mama wa kubangua ilisimamishwa kazi.

Kamati iliundwa ya kumtafuta mkosaji, na haikuchukua muda, walifungua mfumo, mfumo ukaonesha jina la Joshua, wakamwita. Aliwaeleza kwamba siku ile alikuwa msibani Kilambo, kwamba alikuwa amemwazima mtu neno lake la siri, kwamba hilo ni kosa lake na anakubali adhabu yake, lakini mkono uliobonyeza si wake, wakamwomba amtaje mtu huyo, na Joshua hakumtaja, akakaa akingoja, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ileile, na Joshua aliamini kwa akili zake zote kwamba sasa hivi atainua uso aseme. Yule bwana aliangalia meza mpaka kikao kikafungwa. Meneja mkuu hakumuuliza Bwana Amiri, hakuuliza kompyuta iliyotumika ilikuwa chumba gani, hakunyanyuka kwenye kiti, alisema tu, "Mfumo umesema," na mfumo ule ambao ulipowapa cheti uliitwa mfumo wa kampuni, kuanzia siku hiyo ukaanza kuitwa mfumo wa Joshua.

Nyumbani tulimwambia amtaje. Mama alimwambia, kaka zake walimwambia, na aliyesimama hapa alimwambia kwa maneno ambayo hayafai kusomwa mbele ya padri, kwamba huo si upole, ni ujinga wa kujitakia, na Yustina, aliyesikia kila kitu kwa masikio yake, alivaa viatu aende ofisini kusema mwenyewe, Joshua akasimama mlangoni akamzuia. Alitupa sababu yake mara moja tu na hakuirudia. "Mkimtaja ninyi," alisema, "itakuwa tumegombana naye. Akisema mwenyewe, ndio itakuwa imesemwa." Tulimwona anajidanganya, na mpaka leo tunamwona hivyo.

Tarehe 17 Machi 2023 aliachishwa kazi, na hapa wasomi wa mifumo waliopo wasikilize vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeunganisha utumishi na bima ya afya, ili mfanyakazi mpya akiandikishwa asubuhi apate matibabu jioni, kazi nzuri, mlimsifu, basi jina lake lilipofutwa utumishi kadi yake ya bima na ya mkewe na ya watoto zilizimika saa ileile, hapakuhitajika mtu wa kutia saini wala mtu wa kuona aibu. Na msimu uliofuata mfumo ulipokwama, mkawa mnampigia simu nyumbani, naye anapokea, anawaelekeza bonyeza hapa, funga pale, washa upya, akiwa amekaa kibarazani na kaptura, bila mtu kumuuliza anakula nini, na tulipomfokea alijibu kwamba malori yakikwama wanaoumia si mameneja.

Lakini kilichomvunja si kazi. Wengi wa akina mama waliosimamishwa wanaishi Chuno, wanateka maji bomba moja na Yustina, na walichoambiwa na kampuni ni kwamba Joshua aliruhusu korosho mbovu, ndipo mnunuzi akakimbia, basi. Waliacha kuitikia salamu zake, watoto wao wakakatazwa kucheza na Faraja, na siku moja bombani Bi Mwanahawa, aliyekuwa akibangua meza ya mbele na aliyewahi kumlea Elizabeti mgongoni, alimwambia Yustina mbele ya watu: "Mumeo kabonya kidude kimoja tu, sie wote tumerudi nyumbani. Usituamkie." Yustina alikuwa na jibu mdomoni, jina zima, na alilimeza kwa sababu alikuwa ameahidi, akabeba ndoo yake, akafika nyumbani akamwambia mumewe alichoambiwa, na tangu jioni ile Joshua akawa hapiti njia ya bombani, anazungukia nyuma ya shule kama mtu aliyeiba kuku, mtu mzima, baba wa watoto wawili, kwenye mtaa aliojenga nyumba.

Kuhusu ugonjwa, shinikizo la damu lilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2023, na kwa kuwa hakukuwa na kadi alikuwa anameza dawa nusu na kuacha nusu, akitudanganya kwamba amepona, hadi tarehe 22 Septemba 2024 alipoanguka sebuleni, akapelekwa hospitali ya rufaa, na vipimo vikaonesha kwamba figo zimeharibika, akaanza safari za kusafishwa damu ambazo ndugu na Jumuiya mlizibeba kwa michango yenu, na Mungu awarudishie. Hatusemi kampuni ilimuua, daktari ameandika alichoandika na tunakiheshimu, tunasema tu kwamba mtu anayelala vizuri hupona vizuri, na Joshua alikuwa halali.

Mwezi wa Juni mwaka huu, 2025, msimamizi wake wa ndoa alikuja wodini, mara ya kwanza tangu kikao kile, akaleta machungwa, akakaa kitandani upande wa miguu, Yustina akiwepo na aliyesimama hapa akiwepo, akalia, sisi hatukulia, akasema, "Joshua, ni mimi. Nitakwenda kusema." Joshua alimwangalia bila hasira, jambo lililotukera sana, akamjibu kwa pumzi fupifupi, "Mimi usiniambie, mimi nilikuwa najua. Waambie akina mama." Yule bwana akaitikia, akaapa, akamshika mkono, na kuanzia siku hiyo Joshua akawa kila wakija watu kumwona anamuuliza mkewe kama kuna habari yoyote kutoka bombani, Yustina anasema bado, yeye anasema atasema, mpe muda, ana watoto wanaosoma huyu. Juni ikaisha, Julai ikaisha.

Joshua Kanisius Ndunguru alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, baada ya kupokea sakramenti, mkewe akiwa amemshika mkono, na siku mbili kabla alimwachia Yustina maagizo matatu, kwamba Elizabeti asiachishwe shule kwa sababu yoyote, kwamba yeye azikwe karibu na baba yake, na kwamba jina la rafiki yake lisitajwe na mdomo wa mtu yeyote wa familia, maana bado alikuwa anamngoja. Ameacha mjane, watoto wawili, mama, ndugu wanne, na akina mama wa zamu ya pili ambao hadi asubuhi hii walikuwa wanaamini kwamba ni yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu, waliomtibu kama ndugu na kumwita mwalimu kwa sababu alikuwa akiwatengenezea kompyuta yao akiwa na mpira wa damu mkononi. Tunamshukuru Baba Paroko na Jumuiya, tunawashukuru wazee wa Kilambo, tunamshukuru Bwana Amiri, ambaye hakukosa hata wiki moja kuja kumjulia hali. Tunawashukuru majirani wa Chuno, waliokuja siku zote na walioanza kuja juzi, na kwa namna ya pekee Bi Mwanahawa na wenzake, mliokesha jikoni kwetu mkipika kwa ajili ya mtu mliyedhani amewafukuza kazi, mlikuja kwa utu wenu tu, na hilo Yustina ameliona na amelia nalo. Tunamshukuru meneja mkuu kwa jeneza, kwa basi na kwa shada la maua, tumevipokea, na tungependelea swali moja aliloshindwa kuuliza.

Mwisho, wafanyakazi wenzake. Ratiba iliyobandikwa pale kwenye hema, ambayo mmeiandaa ninyi wenyewe ofisini na kuileta jana, inaonesha kwamba mara tu baada ya historia hii zitatolewa salamu za kampuni, na anayezitoa ni mkuu wa mauzo, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, familia haikuliandika na familia haijalitamka. Akina mama tumewaomba msogee kutoka jikoni mkae mstari wa mbele, na tunaona mmeshakaa, ahsanteni. Kipaza sauti hiki kinafanya kazi, tumekijaribu, kinasikika hadi barabarani.

Joshua, mdogo wetu, umengoja inatosha. Wewe pumzika kwa amani, sisi tunakaa kumsikiliza.